Maziwa ya Masolwa Yaenda Motoni

Koleta hakuwa mtu wa kutulia. Hata chai aliinywa amesimama, na wenzake wa kituo cha mifugo, kando ya njia ya zamani ya misafara nje ya Tabora, walimtania kwamba mama yake alimzaa safarini. Ila siku ile, kesho yake ikiwa Saba Saba ya mwaka 1975, alikuwa na sababu. Alizunguka maabara kama kuku anayetafuta pa kutagia. Ng'ombe dume wa mzee Masolwa alikuwa ametoa mbegu asubuhi hiyo, na kesho angechinjwa.

Kamati ya kijiji kipya cha ujamaa ilishakata shauri: dume amezeeka, sherehe ni kubwa, aliwe. Masolwa hakubisha. Alimswaga mpaka kituoni, pamoja na ng'ombe jike wa kumvutia, ili walau uzao wake ubaki. Ukame ulipofyeka zizi lake, dume huyo alibaki amesimama. Damu ya namna hiyo hainunuliwi dukani.

Mbegu hugandishwa kwenye mtungi wa naitrojeni, ile baridi inayofuka moshi. Lakini ukizitumbukiza hivi hivi zinakufa. Sharti zichanganywe kwanza na kitu cha kuzikinga. Daktari wa mifugo, aliyekuwa safarini Nzega, alipenda kutumia kiini cha yai. Koleta akatia majini mayai yaliyonunuliwa Isevya. Yote yakaelea. Viza matupu! Yakabaki maziwa, nayo yakiwa mabichi huua mbegu. Lazima yapate moto karibu na kuchemka, kisha yapoe na kuenguliwa mafuta.

Jike wa Masolwa alikuwa na maziwa tele. Tatizo ni kwamba kwa akina Masolwa maziwa hayachemshwi. Ukiyachemsha, ng'ombe aliyeyatoa anakauka. Koleta angeweza kumwomba kikombe, akafunga mlango na kuyachemsha kimyakimya. Nani angejua? Alishika kitasa, akakiachia, akakishika tena. Mwishowe akatoka nje, alikokuwa mzee Masolwa na jike wake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mayu," mzee akamwita mama kwa lugha ya kwao. "Mbona huna raha?"

"Mayai yameoza. Nataka maziwa ya huyu jike, na lazima yaende motoni. La sivyo mbegu zinakufa mchana huu huu."

Mzee akamgeukia jike wake, akamtazama.

"Hakuna njia nyingine?"

"Hakuna, baba."

"Basi usiyachemshe wewe. Wewe si mwenye ng'ombe. Nionyeshe jiko."

Akakamua mwenyewe, akachochea mkaa mwenyewe, akiwa amempa jike mgongo ili ng'ombe asione moto. Koleta alisimama kando, akaona aibu kwa lile alilotaka kufanya. Jioni aliyeyusha tone moja la mchanganyiko ulioganda, akalitazama kwa hadubini. Mbegu zilikuwa zinaogelea! Akapiga kigelegele peke yake.

Baada ya majuma matatu mzee alirudi na jike yule. Maziwa yake yalikuwa yamekauka kabisa. Koleta akaanza kujieleza mbiombio: kiangazi kimekuwa kikali, malisho hayapo, ng'ombe wengi wamekauka mwezi huu...

"Pole pole, mayu. Nilijua tangu nilipowasha moto."

Akamfunga jike kwenye nguzo, akampapasa shingo.

"Tangu alfajiri anatafuta dume. Ng'ombe wengine watasubiri. Mpe huyu mbegu kwanza, ndiye aliyelipa."