Antena ya Lori Juu ya Boti ya Mbao

Kwa miaka mingi nimefunga redio za mawasiliano kwenye malori na ambulensi hapa Eldoret, lakini boti sikuwa nimewahi kuigusa. Kwa hiyo jirani yangu wa Kiplombe, seremala aliyetoka upande wa ziwa, aliponiita nifunge redio kwenye boti aliyoiunda nyuma ya nyumba yake, nilibeba mkoba wa vifaa nikatembea haraka kama mtu anayechelewa harusi.

Boti ilikuwa imekaa juu ya matairi manne ya zamani, mahindi yameizunguka. Mwenye duka la jirani aliegemea ua akitazama.

"Fundi, hiyo gharika umeambiwa inakuja lini?" alimtania seremala.

"Ikija usinipigie simu," seremala akajibu bila kuinua kichwa.

Lori la kuipeleka ziwani lilikuwa linakuja saa nane mchana. Lakini mke wa seremala alikuwa ameweka sharti. Mwaka uliotangulia, injini ya boti aliyoazima mumewe ilizimika katikati ya maji, simu haikupata mtandao, na mama huyo akashinda siku nzima bila kujua kama bado ana mume. Safari hii alisema boti haitoki bomani mpaka aisikie sauti ya mumewe kwenye redio akiwa mbali. Akachukua redio ya mkononi, akapanda bodaboda kuelekea Chepkoilel.

Nikafanya kama ninavyofanya siku zote. Waya nyekundu na nyeusi nikazipeleka kwenye betri, na fyuzi nikaiweka karibu na betri ili hitilafu yoyote isilete moto. Antena nikaisimamisha katikati ya paa dogo la plaiwudi. Seremala akabonyeza kitufe, akaongea. Kimya. Kisha simu yake ikalia.

"Nasikia tu kitu kama omena wakikaangwa kwenye mafuta," mkewe akasema. "Hiyo boti naona tutafugia kuku."

Nikaunganisha mita, seremala akabonyeza tena. Sindano ikaruka juu: nguvu ya redio ilikuwa inarudi ndani badala ya kutoka. Nikamwambia seremala aachilie kitufe haraka, maana redio ikilazimishwa hivyo huungua. Antena ilikuwa nzima, waya zilikuwa sawa, na saa saba ilikuwa imeshapita.

Niligonga paa kwa vidole nikifikiri, na ule mlio mkavu wa mbao ndio ulionizindua. Lori ni chuma. Antena yake husimama juu ya chuma, na chuma hicho hufanya nusu ya kazi. Hebu ruka ukiwa umesimama kwenye sakafu, halafu ujaribu kuruka ukiwa kwenye matope, utanielewa. Mimi nilikuwa nimeipandisha antena ya lori juu ya mbao nikaiambia iruke.

"Una kipande cha bati?" nikauliza.

"Nyumba yote ni bati, ndugu yangu. Chagua upande."

Alikuwa na kipande bapa kilichobaki alipotengeneza mfereji wa maji ya mvua. Tulikipigilia juu ya paa, nikatoboa tundu katikati, nikakwaruza kingo zake mpaka zikang'aa ili antena ishikane vizuri na chuma. Nikawasha, nikabonyeza kitufe. Sindano ya mita ikalala chini kabisa, nami nikajikuta nacheka peke yangu.

Seremala akabonyeza. "Mama Watoto, unanipata?"

"Nakupata." Sauti ilitoka safi, kana kwamba yuko jikoni. "Sema tena."

Akasema tena. Akaambiwa aseme mara ya tatu. Mwenye duka alikuwa ameshavuka ua na kusimama nasi, kofia mkononi.

"Sasa sema kitu kingine," mama akasema, "nisije nikawa naongea na fundi wa redio."

Seremala akafikiri kidogo. "Umeacha maharagwe motoni."

Barabarani tukasikia lori likipunguza mwendo.

"Pakia boti," mama akasema. "Lakini kwanza epua maharagwe."