Pickup ya marehemu baba: nilivyoitibu kuchemsha kabla ya hitma ya Kimbiji

Wakuu, heshima kwenu nyote. Wakubwa shikamooni.

Kuna kijana humu analia gari yake ya hybrid inachemsha, na kila fundi anamwambia lake. Nimesoma uzi wake mpaka mwisho, nikacheka, halafu nikakasirika. Mie nilishapita huko zamani, hizo hybrid hata hazijaja. Ninayoandika ni ya kweli, na kovu la kidole gumba ninalo mpaka leo.

Miaka ya tisini mwanzoni. Tunakaa Mtoni, Temeke. Mie binti wa pekee, mwalimu wa sayansi shule ya msingi.

Baba alikuwa dereva wa shirika la umma. Shirika likapunguza watu, naye akachukua kiinua mgongo chake chote akanunua pickup iliyotumika Japan. Watu wakamwona kachanganyikiwa.

Gari ile ndiyo ikatulisha. Mama alikuwa na shamba la minazi na mihogo Kimbiji, na mzigo wote ulikuja sokoni kwa pickup. Baba alinifundisha kuendesha mwenyewe, na majirani wakasema mpaka wakachoka.

Baba akafariki.

Miezi michache baadaye gari ikaanza kuchemsha. Ukishuka tu kwenye pantoni Kigamboni, hujaenda mbali, geji juu, moshi kwenye boneti. Mama anashuka na ndoo kuomba maji kwa watu. Mara mbili mihogo ilituharibikia njiani.

Nikaipeleka kwa fundi wa mtaani. Akang'oa thermostat, kile kifaa kinachofungulia maji yaende rejeta injini ikipata moto. "Mwalimu, hiki kidude ni cha nchi za baridi, sie huku hakituhusu."

Si mnalijua hilo neno? Mpaka leo linasemwa!

Gari ikaendelea kuchemsha. Niliporudi kwake akasema gasket ya silinda imekufa, injini haifai tena.

Hapo ndipo alipoingia baba mdogo Kombo, mdogo wake marehemu. Akataka gari iuzwe kama chakavu. "Mwanangu, wewe mwanamke na mama yako mtu mzima. Mtakuja kukwama porini."

Hakuwa mtu mbaya, alituogopea kweli. Lakini gari ikiuzwa, mama anabaki na minazi ya kuitazama tu.

Mama akaomba subira mpaka hitma ya mwaka wa baba, inayosomwa kwao Kimbiji. Baba mdogo akakubali kwa sharti. Gari ikifika Kimbiji na masufuria ya pilau bila kuchemsha, hatalisema tena la kuuza. Ikichemsha, mnunuzi atakuwa pale pale anasubiri, na ufunguo atapewa yeye.

Nilibakiwa na siku nne, shule imefungwa. Nikasema wallahi sikubali.

Kwenye dashibodi kulikuwa na kitabu cha Kijapani. Sikujua hata herufi moja, lakini picha nilizielewa. Asubuhi injini ikiwa baridi nikafungua kifuniko cha rejeta, nikawasha, nikakodoa macho. Gasket ikifa, maji yanatoa mapovu mfululizo. Robo saa nzima, hakuna povu. Nikachomoa kijiti cha oili, oili safi, haijawa kama maziwa.

Kumbe fundi alikuwa anabahatisha!

Kwa furaha nikaizungusha mtaani, nikarudi nikafungua kifuniko kikiwa cha moto. Hapo ndipo kidole gumba kilipoiva. Msifanye ujinga huo, jamani.

Nikazima, nikasubiri ipoe kidogo, nikapapasa rejeta kwa mkono wa pili. Juu moto, chini na pembeni baridi kabisa. Maji hayapiti, imeziba. Imezibwa na nini sasa?

Jibu nililikuta jikoni. Mama alikuwa anasugua birika kwa ndimu. Ndani limeota ukoko mweupe wa maji ya kisima chetu, na wa Temeke mnayajua maji yale, chumvi tupu. Nikakimbia nje, nikachungulia kwenye mdomo wa rejeta. Ukoko ule ule.

Na aliyekuwa akijaza maji ya kisima ni mie.

Baba alikuwa na pipa lake la maji ya mvua chini ya bati, na alikuwa mkali mtu asiliguse. Tulidhani ni ubahili wa mzee, kumbe yalikuwa maji ya rejeta. Siku za msiba watu wakajaa, maji yakaisha ndani, tukalikomba pipa lote kupikia chai. Baadaye tukaligeuza la mkaa.

Tangu hapo kila asubuhi nikawa naijaza gari maji ya kisima, tena kwa mapenzi, najiona namtunzia baba gari yake. Kumbe naiua. Nililia pale uani, sioni haya kusema.

Mama akanitazama weee, akasema, "Ukimaliza kulia, ndimu ziko kwenye kapu."

Basi tukafungua rejeta kwa spana za baba. Tukaijaza siki na maji ya ndimu, tukaiacha mpaka kesho yake. Nikaisuuza kinyumenyume, maji yaingie chini yatokee juu. Yakatoka kama chai ya rangi, yakafuata magamba meupe. Tukarudia mara tatu, nyumba nzima inanuka achari.

Thermostat fundi alikuwa ameitupia kwenye dashibodi. Nikaitumbukiza kwenye sufuria ya maji ya moto, ikafunguka mbele ya macho yangu. Nzima! Nikairudisha mahali pake.

Maji ya kujaza sasa. Mvua hakuna. Mama akaenda mtungini, akatoa maji yake ya kunywa, ya bomba, aliyoyachemsha. Msiba ulikunywa maji ya gari, sasa gari ikanywa maji ya mama.

Siku ya hitma tukapakia mchele na masufuria nyuma, mama mbele. Pantoni, Mjimwema, kisha mchanga na mashimo. Niliitazama geji kuliko barabara mpaka mama akanifinya. Mshale ulikaa katikati, hautikisiki.

Kimbiji baba mdogo kasimama na mnunuzi, wamekuja pamoja kwa gari ya mnunuzi. Nikamwamkia baba mdogo. Akaitikia huku anafungua boneti. Akaweka kiganja karibu na rejeta, akatega sikio, akazunguka gari mara mbili. Hakuna moshi. Mnunuzi akaondoka hata pilau hakuonja.

Baada ya dua baba mdogo akanijia. "Mwanangu, nitarudi na nyie mjini." Akashika mlango wa mbele, kwenye kiti alichokizoea enzi za baba.

Mama alikuwa keshakaa, kanga kaifunga vizuri. "Shemeji," akasema, "hapa nimekaa mie. Nyuma kuna nafasi."

Akapanda nyuma. Njia nzima nilimwona kwenye kioo, kalikumbatia sufuria kubwa lisigonge. Tulipofika Mtoni akashuka, akajipangusa vumbi, akaenda moja kwa moja uani. Akaumwaga mkaa, akalisugua pipa, akalirudisha chini ya bati kwa mikono yake.

Kwa hiyo kijana wa hybrid, kabla hujanunua hiyo pampu ya maji wanayokwambia mafundi, jiulize ni maji gani yaliingia humo na nani aliyajaza. Kama ni wewe, kubali, lia kidogo, kisha shika spana.

Wataalamu wa hybrid nisahihisheni hapo chini, sina kinyongo. Ila anayesema thermostat haituhusu aje na sababu, na mie namsubiri.