Hodi ya Tatu ya Bibi

Leo nimepiga kelele mbele za watu, na sijutii!

Baba alinunua kengele ya getini yenye kamera na spika, ya bei rahisi. Wiki nzima hakuna aliyeibonyeza. Wageni wetu wote wanapiga hodi! Baba akasema kesho anairudisha dukani.

Nikaitegesha inipigie simu mtu akisogea tu.

Leo niko foleni ya mashine ya kusaga, Kongowe, simu ikaita: kengele. Kwenye kamera, Bibi! Katoka Kisarawe bila taarifa. Safari iliyopita alipiga hodi tatu, sikusikia, akarudi kwake. Ukoo mzima ulinilaumu mimi.

“Hodi ya tatu hii,” akasema, akaokota kikapu aondoke.

Mashine inanguruma. Na mimi hata darasani nilikuwa nanong’ona.

“KARIBU BIBI! SHIKAMOO!”

Foleni nzima ikageuka.

“Marahaba. Kumbe una sauti! Uko wapi?”

“Nakuja, bibi, usiondoke!”

Foleni ikanipisha nisage kwanza, tukaongea njia nzima, hadi habari ya baba kutaka kuirudisha kengele. Nimefika na unga wangu, bado anaisimulia kengele habari za mihogo, baba karudi kazini, kasimama pembeni kaduwaa.

Bibi akamgeukia. “Ukiirudisha hii, mimi hapa sikanyagi tena.”

Kengele imebaki.

Jamani, kwenu wageni wanabonyeza kweli?