Kadi Moja kwa Wake Wawili

Ofisi ya afya ilinituma Katuba, mtaa wa wachimbaji wa shaba, kuandikisha wagonjwa wa saratani na matibabu waliyoyapata huko mitaani. Nilikuwa muuguzi kijana. Fomu nilizopewa zilitungwa na mtu ambaye, nadhani, hakuwahi kukanyaga Katuba: zilikuwa na nafasi ya upasuaji, ya dawa, na ya mashine ya mionzi ambayo mji mzima haukuwa nayo. Mizizi, maji ya kuombewa na kungoja tu havikuwa na nafasi.

Mkuu wangu, aliyevaa abakosti, ile suti ya Chama isiyo na tai, iliyopigwa pasi mpaka inang'aa, aliniagiza, "Andika vizuri. Kinshasa wanataka kuona wagonjwa wanatibiwa."

Katika nyumba ya mchimbaji mmoja wa shaba nilimkuta mshonaji wa nguo, mama wa watoto wadogo, ana uvimbe kwenye titi. Alikuwa mke wa pili. Kampuni ilitibu wake wa wafanyakazi bure, lakini kadi ya matibabu ilitambua mke mmoja tu, naye alikuwa mke mkubwa, aliyekuwa akitwanga majani ya muhogo, sombe, uani huku akisikiliza kila neno. Wawili hao hawakuwa wakisalimiana.

Mke mkubwa aliacha mchi, akaingia ndani, akarudi na kadi.

"Beba hii," akamwambia mwenzake. "Picha imefutika. Kule hospitali, weye ni miye."

"Na miaka yako?"

"Batasema umezeeka muzuri."

Akapasuliwa. Daktari aliandika kwamba mgonjwa huyu wa makamo ana mwili wa kijana. Mkuu wangu aliisoma taarifa hiyo mbele ya wageni wa Chama tawala kama ushahidi kwamba mapinduzi yanarudisha ujana. Nilipomweleza ukweli faraghani, hakushtuka.

"Citoyenne," akaniita, yaani mwananchi, kama Chama kilivyoagiza, "kadi inasema nini? Andika kadi."

Mshonaji alirudi kwenye cherehani yake. Asubuhi mke mkubwa alimpelekea uji, akauweka mezani na kuondoka, salamu bado hakuna. Kisha uvimbe ulirudi kwapani, na mshonaji akafia hospitalini kwa jina la mwenzake.

Siku ya kuchukua posho ya unga ya kampuni, mke mkubwa aliambiwa dirishani kwamba yeye ni marehemu. Nilimpeleka kwa mkuu wangu. Alimpa kiti, akamuuliza habari za nyumbani, kisha akasema kwamba rejista imekwisha kufika Kinshasa na mtu akishakufa kule hafufuliwi.

"Lakini mume wako amefiwa," akaendelea kwa upole. "Anaweza kuoa. Yule mudogo, kwa karatasi, iko muzima. Olewa kwa jina lake, mama."

Ndoa ilifungwa komini, kwenye ofisi ya serikali ya mtaa. Mkuu wangu alikuwa shahidi, na alikula kuku kuliko ndugu wa bwana harusi. Bibi harusi alivaa kitenge alichoshonewa na marehemu. Mume alitazama viatu vyake.

Karani aliita jina la bibi harusi. Watoto wa marehemu, waliokuwa wamekaa nyuma yetu, waligeuka wote kutazama mlangoni.

"Niko," akaitika mke mkubwa, akamvuta yule mtoto mdogo kabisa, akampakata.