Salamu Katika Shamba la Wimbi

Juzi nilitoka Kitale, nilikokwenda kumwona mama, nikaona nishuke hadi Kamukuywa nilitazame shamba la kukhu. Kukhu ndiye nyanya kwa lugha yetu, usije ukadhani ni jina. Nilisimama ukingoni nikitafuta mahali wimbi ulipokuwa. Sikuona ila miwa, mirefu na yenye afya. Sina ugomvi na miwa, inasomesha watoto wa watu. Lakini shamba lile nililiacha likiimba, na sasa limenyamaza, nami nikajikuta nimesimama pale muda mrefu kuliko nilivyokusudia.

Wewe unaijua kazi yangu. Nilianza kwa kuchora katuni za televisheni Nairobi, mikono na miguu ya watu wa karatasi, na leo natengeneza moshi, radi na majitu yanayotembea katika bustani kubwa ya burudani huko Ghuba. Watu hununua tikiti ili niwadanganye macho. Nawadanganya vizuri, sitajifanya mnyenyekevu. Nikiulizwa nilisomea wapi, hutaja chuo, maana ndilo jibu fupi. Jibu refu liko chini ya miwa ile.

Mama alikuwa na kibanda cha mitumba Kitale, na mimi nikaachwa kwa kukhu nisome shule ya karibu. Asubuhi ilikuwa uji wa wimbi uliokamuliwa ndimu, jioni ugali mweusi na kunde za munyu, ile chumvi ya majivu, na katikati ya hayo kulikuwa na ndege. Wimbi ukianza kufunga punje, ndege hawana adabu. Kila mtoto wa nyumba yenye wimbi alikuwa na kazi ya kuwafukuza, kabla ya shule na baada ya shule, kwa kupiga kelele mpaka sauti ikauke. Nilichukia kupiga kelele. Kukhu alinitazama akasema mvivu mwenye akili ni mfanyakazi, ila mvivu asiye nazo ni mgeni tu.

Basi nikatumia akili. Miaka hiyo kaseti zilikuwa zinaaga dunia, kila mtu anataka sidii, na mama akaniletea gunia la kaseti zilizotupwa na muuza muziki mmoja. Nilizivuta nyuzi zake nyeusi, nikazifunga kutoka mti hadi mti juu ya wimbi. Upepo ukipita zilimeta na kuvuma, vuuuu, shamba zima likaimba. Ndege waliogopa kwa siku chache kisha wakazoea. Ndipo nikatengeneza mtu.

Nilimvika gauni kuukuu la kukhu, kitambaa chake cha kichwa na sweta yake ya kijani, nikamsimamisha katikati, mgongo kuelekea njia. Mkono mmoja niliukata vipande nikauunga kwa mpira wa baiskeli. Nilikuwa nimewatazama sana watu wakipungiana njiani, nikagundua kwamba mkono hauinuki wote mara moja. Bega hutangulia, kiwiko hufuata, kiganja huja mwisho kama kimechelewa. Baadaye Nairobi walinisifu kwa jambo hilohilo, wakadhani nililitoa kitabuni. Kamba ya ule mkono niliipitisha chini ya ghala hadi kwa ndama aliyefungwa malishoni. Ndama akivuta kamba akila, yule mtu anainua mkono. Nilikwenda shule nikiwa na hakika kwamba hakuna mtoto Bungoma nzima aliyeniweza.

Mwaka ule wimbi haukuwa wimbi tu. Ulikuwa mwaka wa tohara, na binamu yangu angesimama mbele ya kisu Agosti. Kukhu alikuwa mtu wa kanisa, pombe haikuvuka mlango wake, lakini wageni wa mjukuu wake wangekunywa uji na kula ugali wa shamba lake, si wa kununua sokoni. Alilisema hilo mbele ya ukoo, na kukhu akisema neno mbele ya ukoo halirudi. Sasa wimbi huvunwa kichwa kimojakimoja, kwa kisu. Mzee mmoja hawezi. Alimtegemea jirani yetu, rafiki yake tangu walipoolewa upande ule, ambaye akipiga yowe moja ya kuitana kazini, wanawake wa kijiji kizima hutoka na visu.

Jirani hakuja. Wimbi uliiva, mawingu yakaanza kukaa juu ya Elgon kila mchana, jirani kimya. Kanisani alihamia benchi la mbele ili asikutane na kukhu mlangoni. Kukhu alimtumia kikapu cha ndizi, kikarudi. Nilimwona kukhu akiwa ameketi na kikapu kile magotini, akizihesabu ndizi moja moja, na niliogopa kuliko ningeogopa kama angelia. Mvua ikinyesha juu ya wimbi ulioiva, unaota ukiwa bado kwenye bua. Kukhu angepoteza mavuno na neno lake, lakini kilichomuuma, nilijua hata kwa akili ya utoto, kilikuwa rafiki yake.

Mkaza mwana wa jirani ndiye aliyeleta siri, alipokuja kuomba moto.

“Mama anasema ati ulimdharau,” alisema akitazama chini. “Alikuwa anaenda kusaga, akakuona hapo kwa shamba. Akasema mulembe. Ukainua tu mkono. Akasema tena, ukainua mkono. Mara ya tatu, hivyo hivyo, na hata hukugeuka. Ati sasa kukhu amekuwa kama D.C.”

“Siku gani hiyo?”

“Siku ya soko.”

“Siku ya soko mimi nilikuwa Kimilili nauza kuku,” alisema kukhu. Kisha akageuka polepole akaniangalia mimi, halafu akaliangalia shamba.

Kwetu, rafiki yangu, unaweza kumnyima mtu chumvi akakusamehe. Ukimnyima jibu la salamu umemwambia hayuko duniani. Jirani alikuwa ameisalimia sweta, na sweta ilikuwa imemdharau.

Nilidhani kukhu angemtuma yule mkaza mwana akaeleze. Alikataa. Alisema ugomvi wa salamu haupelekewi mjumbe. Jumamosi asubuhi, umande bado upo, alivaa gauni lililofanana na lile la shambani, akaenda kusimama kando ya sanamu, naye mgongo kuelekea njia. Mimi akaniweka ghalani, kamba mkononi. Jirani alikuja na gunia lake la mahindi kichwani. Alipofika alijikaza kupita bila kutazama, lakini macho yana tamaa. Akatazama. Akaona kukhu wawili.

Nilivuta kamba. Mmoja aliinua mkono, bega, kiwiko, kiganja. Na yule mwingine akageuka akasema kwa sauti ya kanisani, “Mulembe, mama! Huyu hana mdomo, mimi ndiye niko nao!”

Gunia liliteremka lenyewe. Jirani alikaribia, akaishika ile sweta, akaivuta mkono, akauona ule mpira wa baiskeli. Kisha akaketi chini kwenye umande, akacheka mpaka kilemba kikaanguka.

“Bana, mimi nimekasirikia nguo! Ndizi nimerudisha juu ya nguo!” Akafuta machozi na mkono wa sweta ileile. “Hii mtoto ikitengeneza mtu tena, itengenezee na mdomo!”

Halafu akainuka, wakashikana mikono na kukhu, wakasalimiana upya. Walianza mwanzo kabisa, habari za nyumbani, za ng’ombe, za mgongo, za watoto walio mbali, moja baada ya nyingine, kama watu walioachana miaka. Hakuna aliyeharakisha. Nikiwa ghalani nililia, na sikujua ni kwa nini.

Jumatatu alipiga yowe, wanawake wakaja na visu na nyimbo. Wimbi ulikauka uani palipopakwa samadi mbichi kabla mvua haijashuka. Agosti binamu yangu alisimama bila kupepesa jicho, na wageni walikunywa uji mpaka wakafungua mikanda. Kukhu na jirani wote wamekwisha kututangulia, wamezikwa wakiwa marafiki.

Kule bustanini jitu langu la langoni lina kimo cha nyumba ya ghorofa. Nililipa mdomo. Anayepita huinuliwa mkono na kusalimiwa kwa lugha nne, na wakubwa wangu wanalionea fahari. Mwaka jana sauti yake iliharibika. Nikaenda kusimama langoni kuwaomba watu radhi huku mafundi wakihangaika. Jitu liliinua mkono wake kimya, kutwa nzima, mbele ya maelfu ya watu. Walipiga picha wakapita. Nilingoja hadi lango likafungwa, na hakuja hata mmoja aliyekasirika.