Nilivyompigia Binti Yangu Picha za Nyumba

Ujumbe wa binti yangu uliingia Jumamosi asubuhi nikifua uani: "Mama, nipigie picha za nyumba yako, kila chumba. Nikishaziona ndio nitakwambia kama nakuja."

Wee! Niliacha nguo zikielea kwenye beseni. Binti huyu nilimwacha kwa nyanya yake Kitale akiwa bado ananing'ang'ania sketi, nikaja Juba kufanya kazi hotelini, na kila likizo mimi ndiye niliyerudi kwao. Nikimwalika alikuwa na sababu: mara mtihani, mara kwaya, mara huko kwenu joto ni kali. Leo mwenyewe ameuliza! Nilicheza pale pale na povu mikononi.

Jirani yangu Mganda, anayeuza matoke sokoni, alichungulia akidhani nimeumwa na nge.

"Mtoto wangu anataka picha za nyumba, ndio aamue kama atakuja!" nilimpigia kelele.

Alicheka mpaka akashika ukuta. "Watoto ya siku hizi! Hata nyumba ya mama nachagua kama matoke." Lakini ndiye aliyetangulia kuingia kwangu na ufagio.

Vyumba vyangu ni viwili tu, hapa mtaa wa Buluk, na ningeapa kwamba navijua. Umeme ukikatika naokota kiberiti bila kupapasa. Kumbe! Nilipoipiga picha sebule na kuitazama kwenye simu, nilidhani nimeingia kwa mtu mwingine. Kalenda ya mwaka juzi ukutani. Pipa la maji limejikalia katikati kama bwana mkubwa. Na kiti, jamani, kiti kimoja! Kimeelekea televisheni peke yake, kama mgonjwa anayesubiri kuitwa. Miaka yote hiyo nimekikalia na sikuwahi kuona kwamba mgeni wangu angesimama.

"Macho hayana pazia, wanasema, lakini yangu yalikuwa nayo," nilimwambia jirani.

"Na dirisha yako ndiyo haina," alinijibu, akakimbia kwake kuleta pazia lake la njano, lile la Krismasi.

Basi tukashika kazi. Kalenda chini! Pipa nje! Joto lilitukamua jasho, nasi hatuna habari. Nilipanda juu ya ndoo iliyofudikizwa nikagundua kwamba ukipigia picha kwenye kona, hata kitanda changu chembamba kinakuwa kipana. Nilijiona mpiga picha wa harusi. Mwanga ulipopita kwenye lile pazia na ukuta wote ukawa wa njano, nilipiga vigelegele. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Wangu hajafika na nyumba imeshapona. Niliipenda nyumba yangu, nasema kweli, kwa mara ya kwanza.

Nikazituma. Tiki mbili zikawa bluu. Anaandika. Anaacha. Anaandika tena.

"Pazia ni zuri. Mama, unasafiri?"

"Nisafiri kwenda wapi?"

"Kuna begi jeusi nyuma ya mlango. Liko kwenye picha zote za sebule."

Niligeuka. Lilikuwepo. Tulikuwa tumefagia kulizunguka, sote wawili, na hakuna aliyeliona. Jirani naye ana lake, chini ya kitanda. Siku zile risasi zilipolia mjini tulitoka tulivyo, mimi na khanga na simu, na niliporudi nikafunga begi nikaliweka pale. Baadaye likawa sehemu ya ukuta.

Nilitaka kumwandikia kwamba ni nguo za dobi. Jirani, aliyekuwa akisoma begani kwangu, alinigonga mkono. "Ambia yeye ukweli. Akikuja si ataona?"

Nikaandika ukweli: ni begi la kukimbia nalo mambo yakiharibika, sasa ni shwari, lakini silifungui. Nikabonyeza. Nilijua hapo ndipo nimemkosa.

Jibu lilikuja upesi. "Ndani kuna vitu vyangu?"

Nilipiga magoti nikalifungua. Pasipoti yangu. Gauni langu. Viatu vyangu. Tochi, biskuti, mswaki mmoja. Nililia, sitaficha, nililia kwa sauti.

Jirani alitoka mbio, akarudi na mswaki mpya wa waridi, bado uko kwenye karatasi yake, akauweka ndani ya begi kando ya wangu. "Kalas, basi," alisema. "Piga picha."

Niliipiga bila kupanda ndoo wala kutafuta kona, nikaituma. Kisha nikamuuliza binti yangu jambo ambalo mama hapaswi kuuliza: "Unavaa viatu namba ngapi?"

"Thelathini na nane," akajibu. "Na Mama, tafuta kiti cha pili."