Diploma Juu ya Televisheni

Kwa muda wa zaidi ya mwaka mmoja diploma yangu ya chuo kikuu ilikaa juu ya televisheni, nyumbani kwetu, mtaa wa Kikula, chini ya chupa ya maji ya kuombewa. Haikuwekwa pale kwa fahari. Kila Alhamisi saa kumi na moja jioni pasta mmoja aliomba kwenye stesheni ndogo ya mji wetu, na kabla ya kumaliza aliwaambia watazamaji waweke juu ya televisheni kitu wanachokiombea. Jirani wa kushoto aliweka karatasi za hospitali. Jirani wa nyuma, ambaye mume wake alichimba madini Kamatanda, aliweka jiwe kutoka shimo la mumewe. Mama mdogo, ndugu wa mama yangu, ambaye ndiye aliyenilea, aliweka diploma.

"Itatoka pale siku utapata kazi," aliniambia. "Mbele ya ile siku, usiiguse."

Televisheni yenyewe ilikuwa ya zamani, yenye mgongo mkubwa, kwa hiyo nafasi haikukosekana.

Shida yangu ilikuwa moja. Nilikuwa nafanya kazi kwenye stesheni hiyohiyo. Nasema kazi, lakini nilikuwa mwanafunzi wa kazi, bila mkataba, na mama mdogo alijua hivyo. Alichokuwa hajui, au ndivyo nilivyodhani, ni kwamba pasta alikuwa ameshahamia Lubumbashi. Alituachia sanduku la kasete za maombi yake ya zamani, nasi tukazirudia Alhamisi baada ya Alhamisi. Aliyeziingiza kwenye mashine ni mimi. Pembeni mwa picha kulikuwa na maandishi mekundu, "en direct", yaani moja kwa moja, na kwa vifaa vyetu vya wakati ule hayakutoka. Yalikuwa yameingia ndani ya picha pamoja na pasta na suti yake.

Basi kila Alhamisi nilibonyeza kitufe, kisha nikakaa nikiwaza. Pasta aliposema maneno haya, mimi nilikuwa bado Lubumbashi, naandika upya kazi yangu ya mwisho wa masomo ambayo profesa aliikataa. Je, ombi linaweza kufika kwenye diploma ambayo siku ile haikuwepo? Nilijijibu kwamba Mungu hafuati saa. Halafu nikajiuliza, kama Mungu hafuati saa, kwa nini mikono yangu inatoka jasho? Nikimwambia mama mdogo, nitamnyang'anya Alhamisi yake. Nisipomwambia, ninamdanganya kwa kidole changu mwenyewe.

Mwisho nilimuuliza fundi wetu, mzee aliyekuwa akipanda mnara wa stesheni tangu mimi sijazaliwa. Alikuwa anakula bukari, ugali wa kwetu, na hakuacha kula.

"Lisansie," alisema, maana hakuwahi kuniita vingine tangu asikie kwamba nimemaliza chuo, "mwimbo ya mwaka jana, ukiisikia, unacheza ao unauliza kwanza kama ni ya leo?"

"Nacheza, papa."

"Basi uache kasete icheze. Kichwa yako itashika moto kwanza, mashini nyuma."

Mwaka ule ndio stesheni zilipoambiwa ziache antena na kuingia kwenye dekoda. Kikula kulikuwa na antena za kila namna, waya zilizofungwa kwenye mianzi, vifuniko vya sufuria, gurudumu la baiskeli. Watu walibishana sokoni kama ni kweli zitakufa zote siku moja. Kwetu kwenye stesheni, pale kilimani, zilifika kompyuta mbili. Nilipewa kazi ya kunakili kasete zote ndani yake, na kwa wiki nyingi niliangalia mji wetu ukipita mbele yangu: ndoa, vilio, mashindano ya kwaya, mvua iliyobomoa daraja. Baada ya hapo kompyuta ingepanga vipindi na kuvirusha yenyewe.

Mkurugenzi alituita wote. Alikuwa mtu mpole, mwenye tabia ya kufuta miwani kabla ya kusema jambo zito. Siku ile aliifuta mara mbili.

"Kwa mfumo mpya kutakuwa na orodha mpya ya wafanyakazi," alisema. "Kila mmoja alete faili, na diploma yenyewe niishike mkononi. Fotokopi zilishanidanganya. Mwisho ni Ijumaa ya mwisho ya mwezi wa saba. Asiyeleta, asinilaumu."

Mwingine angerudi nyumbani, akachukua diploma, mambo yakaisha. Mimi nilirudi nikasimama mbele ya televisheni kama mtu anayesoma tangazo. Ili nipate kazi nilihitaji diploma. Ili diploma itoke pale nilihitaji kazi. Ningeweza kumweleza mama mdogo, lakini niliona kwamba nikianza kueleza nitafika kwenye kasete, kwa sababu mimi nikianza kueleza sijui pa kusimama. Ningeweza kuichukua asubuhi na kuirudisha jioni, lakini niliwaza, itakuwaje akipita na kuona chupa imekaa peke yake? Wiki ikapita, ikafuata nyingine. Wenzangu walipeleka faili zao. Mkurugenzi aliponipita kwenye ukumbi aliniangalia, nami nikainama nikafunga kamba za viatu ambavyo havikuwa na kamba.

Katika kunakili niligundua kwamba kompyuta inaweza kuweka nembo ya stesheni popote kwenye picha. Nikaichukua nembo yetu mpya, nikaiweka juu ya yale maandishi mekundu katika kasete zote za pasta. Sikumwambia mtu. Nilijiambia kwamba sasa angalau siongopi, nanyamaza tu. Hata hilo lilinichukua siku mbili kulifikiria.

Mtambo wa zamani ulizimwa Jumatatu moja mchana. Fundi mzee alishusha swichi, kisha akaweka kiganja juu ya kabati la chuma hadi likapoa. Hakuna aliyehutubia. Kule chini, kwenye nyumba zisizo na dekoda, picha ziligeuka mchanga.

Kwetu dekoda ilikuwepo. Na kwa sababu kompyuta ilijirushia vipindi yenyewe, Alhamisi ya wiki ileile nilikuwa nyumbani saa kumi na moja, kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi. Ilikuwa siku moja kabla ya ile Ijumaa ya mwisho. Mama mdogo alinivutia kiti karibu yake. Nje, mihogo yake ilikuwa ikikauka kwenye mkeka, na vumbi la kiangazi lilikuwa limeyapaka rangi majani ya mpapai. Aliisogeza chupa ikae katikati ya diploma. Pasta akaanza.

Nikasikia mvua. Mvua kubwa ya mwezi wa pili, ikipiga mabati ya stesheni yetu nyuma ya sauti ya pasta, hata yeye akalazimika kupaza sauti. Kule studio sikuwahi kuisikia, kwa sababu kazini tulipunguza sauti na kuangalia picha tu. Nikatazama dirishani. Jua, vumbi, mihogo.

"Leo tena iko nanyesha," alisema mama mdogo, bila kugeuka.

Nikamgeukia.

"Ulijua, mama?"

"Mwaka jana mu mwezi wa saba ilinyesha vilevile. Minye niko na mihogo pa inje, nikakimbia kuiingiza. Nafika, jua. Jirani akanicheka mpaka akakaa chini." Yeye mwenyewe alikuwa anacheka kidogo. "Unafikiri minye siko na masikio?"

"Sasa juu ya nini unaombaka naye?"

"Yeye njo iko kasete. Minye siko kasete. Kila siku ya ine, kila Alhamisi, niko naomba maombi ya ile siku." Pasta aliinua mkono, naye akainua wake, akaushusha. "Na weye, juu ya nini haukusema?"

"Niliogopa kukuhuzunisha."

"Aa. Minye niliogopa kukuambia kama najua. Kila mara ukirudi ku kazi, mbele ya kusalimia, unaangalia kama karatasi ingali pale. Nikasema, ikitoka, huyu mutoto hatalala tena."

Hapo nikamweleza yote, faili, mkurugenzi, miwani, Ijumaa. Nilieleza kwa urefu, na kama nilivyoogopa, nilipitiliza, nikafika hadi kwenye nembo. Alinisikiliza huku akiangalia pasta.

"Kesho?" aliuliza nilipomaliza.

"Kesho."

"Na unanipigia hadisi ya nembo." Alisimama, akatoa chupa, akaifuta diploma kwa kitenge chake. Mahali chupa ilipokaa kulikuwa na duara la maji, la kahawia, upande wa muhuri. Aliliangalia, akalifuta tena, halikutoka. Akaiweka diploma ndani ya mfuko wa unga uliokuwa safi, akaukunja. "Uende nayo asubuhi. Usipite kwa mutu kuuliza kama uende."

Asubuhi nilikwenda. Mkurugenzi aliishika diploma karibu na dirisha, akasoma kila mstari, kisha akaweka kidole juu ya duara.

"Hii ni nini?"

Nilikuwa nimetayarisha majibu matatu njiani. Yote yalikuwa marefu.

"Chupa ya maji," nikasema. "Ilikuwa juu ya televisheni. Wakati wa kipindi cha maombi."

"Kipindi chetu?"

"Chetu."

Alifuta miwani. "Basi kuna mtu anatuangalia," alisema, akaandika jina langu kwenye orodha, la mwisho kabisa, na wino ukamwishia katikati ikabidi aombe kalamu yangu. Mkataba ni wa mwaka mmoja. Nimekwisha kuhesabu mambo yanayoweza kutokea mwaka ukiisha, lakini nayahesabu taratibu.

Siku chache baadaye nilikiri kwa mkurugenzi habari ya nembo. Akasema nembo irudi mahali pake, na maandishi mekundu niyafunike kwa maandishi ya kweli. Nikaandika "Marudio". Alhamisi iliyofuata niliomba ruhusa nikawahi nyumbani. Mama mdogo alikuwa ameketi, chupa iko juu ya televisheni, na mahali pa diploma hapana kitu. Nilisimama karibu na kioo nione kama maandishi yanasomeka.

"Ile maneno ya pa pembeni inasema nini?" aliuliza.

"Inasema kipindi ni cha zamani."

"Muzuri. Sasa sogea, unanizibia."